Mama Riziki, nimekuja na pikipiki

Kinu kikipigwa popote hapa Kalembe, miguu yangu bado inataka kwenda nyuma ya kituo cha afya. Kisha nakumbuka kwamba Mama Riziki hayuko.

Jumapili alinipungia mkono kanisani. Jumanne tansion, presha ya damu, ilipanda, na kabla ya saa sita mchana alikuwa ametuacha. Kichwa changu kimeshaelewa. Mikono yangu bado.

Wengi mnamjua kama psy, mshauri wa mambo ya moyo, wa kituo chetu, yule mama mnene wa kucheka chini chini. Mimi mnanijua kama mtu wa kuweka like na kukimbia. Leo nitasema kidogo.

Tulipokimbia vita kutoka Kirolirwe, familia yote ilifika salama. Mwili wangu peke yake uliendelea kukimbia. Pikipiki ikinguruma tu, kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, naona hapa hapa nakufa. Shuleni walinicheka: "Kimbia, motard anakuja kukuoa!"

Halafu ikaja ile nyingine, ya kutotaka chochote. Naamka nimechoka. Chakula ni kama udongo mdomoni. Wiki nzima nywele sichani. Papa aliniita mvivu, baadaye akaacha, akaanza kujiuliza ni jirani gani.

Alinipeleka kwa Mama Riziki uso umekunjwa.

"Mama, nani alimuloga mutoto wangu?"

"Hakuna muntu, Papa. Mulikimbia, mukafika. Mwili yake njo haijajua kama mumefika."

"Na maombi?"

"Muombe. Mimi pia nitaomba. Lakini kesho umulete tena."

Alikuwa na chumba chake, meza na viti viwili. Hakuna aliyeingia. Ukionekana kwenye mlango ule, jioni soko zima linasema umerukwa na akili. Basi akaleta kinu na michi miwili, akaviweka nyuma ya wodi ya wazazi. Mwenye neno moyoni anakuja kutwanga naye sombe, majani ya muhogo. Ikiiva, wanakula akina mama waliojifungua.

Wapita njia walimtania. "Psy, kila siku sombe? Hauchoki?"

"Uliza bwana yako, yeye njo ananiletea majani."

Mnajua kutwanga kwa watu wawili. Mchi wako ukipanda, wa mwenzako unashuka. Huwezi kumtazama usoni, unatazama kinu usije ukamgonga. Kwa mtu mwenye haya kama mimi, maneno yalitoka hapo.

Alinifundisha: mchi ukipanda, nivute pumzi. Ukishuka, niiache itoke yote. "Polepole, mutoto. Hakuna mwenye anatufukuza hapa."

Siku moja nilimwambia mimi ni mzigo nyumbani. Hakunibembeleza. Aliuliza: "Ulisikia mama yako anasema vile, ao ni kichwa yako njo inasema?" Nilitafuta, nikakosa. Ni kichwa.

Kwa zile asubuhi za kushindwa kuamka alinipa kazi ndogo hadi nikaona aibu: nichote maji jagi moja, kisha nikitaka nilale tena. "Usingoje roho ipende. Mikono itangulie." Aliniambia pia kwamba kazi hizo zisipotosha, kuna dawa, daktari anapima kwanza, na kumeza dawa ya huzuni si aibu zaidi ya kumeza ya malaria. Mimi sikuzihitaji. Kuna waliozihitaji, na leo wanalima. Majina yao hakuwahi kuyataja.

Kwa pikipiki alimwomba Kaka Baraka, motard wetu wa kubeba abiria, asimamishe yake mbali, imezimwa. Tukatwanga. Siku nyingine aliisogeza. Siku nyingine akaiwasha, nikatetemeka hadi majani yakaruka nje ya kinu. Nilingoja Mama amwambie azime. Hakumwambia.

"Ngoja. Woga inapanda, inachoka, inashuka. Utaiona."

Nikaiona.

Examen d'État, mtihani wa kumaliza shule, niliufanya na nikapata. Lakini nilikwenda kwa miguu. Kupanda pikipiki kulikuwa bado. "Hiyo tutapanda sisi wawili," aliniahidi, "siku nitaenda kwetu Walikale kusalimia."

Kwao Walikale ndiko walikompeleka azikwe.

Papa alisema, "Baki, binti. Njia iko mbaya, na wewe unajijua." Alisema kwa upole. Nilichukua kitenge changu nikatoka.

Kaka Baraka aliniona nimesimama, jasho linatoka. "Dada, nizime kwanza?"

"Hapana. Iwake tu."

Nikapanda. Vuta, acha. Njia yote nililia mgongoni kwake. Woga ulishuka, kisha ukarudi kila tulipovuka daraja la miti, na mara mbili nilitaka kumwambia asimame. Sikumwambia.

Kwenye kilio wanawake walikuwa wanatwanga sombe ya wageni. Riziki, binti yake, alikaa ukutani, macho makavu. Walisema hajatoa neno tangu Jumanne. Kila mtu alimwinamia: jikaze, wewe njo mukubwa sasa.

Mimi maneno ya kufariji sina. Nilichukua michi miwili, mmoja nikamwekea mapajani. Alikaa nao kwa muda mrefu. Kisha akainuka.

Tulitwanga bila kutazamana. Majani yalipoanza kulainika, akauliza, akitazama kinu:

"Toka Kalembe ulikuja na nini?"

"Na pikipiki."

Akaitika tu, kama jambo la kawaida, tukaendelea. Baadaye kidogo machozi yake yalianza kudondoka, naye hakuacha kutwanga.

Hakujua nimemwambia nini. Wewe peke yako ungejua, Mama.

Sasa uko kwenu. Lala polepole, Mama Riziki. Hakuna mwenye anatufukuza hapa.