Wamekata Maneno Yangu Ili Tupate Boti ya Wagonjwa

Assalaam alaykum. Admin, nifichie jina na kijiji, maana kisiwa chetu cha Pate ni kidogo na watu wanajuana hata kwa kikohozi. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, mke wa mtu, mama wa watoto wawili. Wa tatu Mwenyezi Mungu alimchukua, na haya yote yameanzia kwake.

Uchungu ulinishika asubuhi, nikapelekwa dispensari. Nesi wetu ni mtu wa bara, Mkristo, nitamwita Sista Mercy ingawa si jina lake, nami nijiite Mama Zuhura. Aliponipima uso ukambadilika. Akaniambia, "Mama Zuhura, mtoto amekaa vibaya. Siwezi kukusaidia hapa, lazima tukimbie Amu." Amu, yaani Lamu mjini, ni safari ya bahari, na dispensari haina boti. Alipiga simu huku na huku mpaka akapata mtu wa kutupeleka, akanishika mkono hadi gati ya Mtangawanda, akaingia botini pamoja nami. Tulipofika mkondo wa Mkanda maji yalikuwa yamekupwa, boti ikakwama kwenye tope. Tukangoja maji yajae, jua linatuchoma, mimi nalia. Mwanangu alizaliwa pale pale. Hakulia. Sista alimpulizia pumzi kinywani mpaka yeye mwenyewe akawa anatweta. Mwisho akavua koti lake jeupe akamfunika.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenilea baba alipofariki. Ndiye aliyeingia kaburini kumlaza mwanangu. Baada ya hapo hakutulia tena: kisiwa lazima kipate boti ya wagonjwa. Yeye na wenzake walikwenda semina Amu wakafundishwa namna ya kufanya kampeni: mjue mnataka nini, mjue ni nani mwenye uwezo wa kuamua, kisha mtafute mtu mmoja ambaye kisa chake kitawaingia watu moyoni. Mtu huyo nikawa mimi. Nilikubali kwa roho safi. Nilikaa mkekani, kaka akanirekodi kwa simu, nikasema yote kama nilivyowaambia nyinyi.

Video ilipotoka nikajisikia nikisema, "Sista akaniambia, siwezi kukusaidia." Basi. Kisha mimi nalia. Yaliyobaki yote wameyakata.

Ilisambaa kama moto wa makuti. Watu wakaandika kwamba hawa wa bara wanaletwa kutuua. Wanawake wenzangu walikwenda kumtukana Sista, mlango wake ukapakwa uchafu. Wakubwa wake wakamsimamisha kazi, na dispensari sasa ina kufuli. Hata chanjo ya watoto hatuna.

Nikamwendea kaka. "Mbona mumekata maneno yangu?"

Hakunifokea, na hilo ndilo lililonimaliza. Alisema, "Dada, tukilaumu maji kukupwa, nani ataona haya? Tumeililia boti hii tangu tuko wadogo, hatukusikizwa. Yeo, baada ya video, viongozi wametuita wenyewe. Ukigeuza maneno sasa watasema tumezua yote, na boti hatupati. Kesho mwanamke akifa pale Mkanda, mamake utamwambia nini?"

Nikajitanda kanga yangu nikarudi nyumbani.

Nilijaribu peke yangu. Nilituma sauti kwenye grupu la kijiji nikieleza alivyonihangaikia Sista. Kaka ndiye admin, akaifuta. Waliowahi kuisikia wakasema nesi amenihonga. Mama akaniita: "Mwanangu, ukimuaibisha nduguyo mbele ya watu, mimi na wewe kila mtu na ndia yake." Mume wangu yuko Mombasa kikazi. Nikampigia, akasema mambo ya kwetu tumalize wenyewe, yeye hayumo.

Siku alipokuwa anaondoka kisiwani, Sista alinijia. Hakutaka kuingia ndani, alisimama barazani na mkoba wake. "Mama Zuhura, sikulaumu, umefiwa. Lakini nimeitwa na wakubwa wangu kujieleza. Ukweli unajulikana na wewe na mwenye boti, na yeye anawaogopa vijana wa kaka yako. Waambie tu nilichofanya."

Nikamwambia, "Inshallah."

Akanitazama. "Inshallah ya kweli, ama ile ya kunitoa mlangoni?"

Wiki ijayo kuna mkutano mkubwa Amu. Viongozi watakuwepo, na watu wa redio, na mimi ndiye wa kusema. Kila alasiri kaka huja kunifundisha. Jana ameniambia, "Ukifika hapo kwa nesi, nyamaza kidogo, halafu ulie." Nikamwangalia ndugu yangu huyu nimpendaye. Mimi nifundishwe kumlilia mwanangu?

Siwezi kula, siwezi kuswali nikatulia. Nikisema kweli, nitaivunja kampeni, nitampoteza kaka na mama, na pengine boti isije kamwe. Nikisema walivyonipangia, nitakuwa nimemzika mtu aliyenishika mkono, na Mungu ananiona. Wengine mtasema nijifanye naumwa siku hiyo nisiende. Lakini video itakwenda badala yangu.

Kama kuna aliyewahi kupigania haki ya watu wake bila kumkanyaga asiye na kosa, naomba anieleze alianzaje na alisema nini. Msinitukane, nimeshatukanwa vya kutosha. Ile boti ni ya mwanangu. Sitaki ije kwa uongo, na Wallahi sitaki isije. Nikipewa kipaza sauti, nitamke neno gani la kwanza?