Kwenda Chitete Kumpima Kasimiri kwa Biblia

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa pale Ihanda, Mprotestanti kutoka utosini mpaka nyayoni, na kwa maoni yake dunia ilikuwa na makosa mawili makubwa: pombe na Wakatoliki. Alipoletewa habari kwamba Kasimiri, fundi cherehani wa Tunduma, anamtaka dada yangu Eliza, aliweka chini kikombe cha uji akauliza, "Kasimiri ni jina la mtu au la ugonjwa?"

Eliza alicheka ndani ya kanga yake, kisha akanyamaza. Kwetu binti hazungumzi na baba yake habari za kuolewa kwake. Shangazi atamsemea, kaka atamsemea, hata jirani mwenye mdomo atamsemea. Yeye mwenyewe hutazama majivu ya jikoni kama mtu asiyehusika. Na baba wa binti naye haendi kwa wazazi wa kijana kuzungumza. Hutuma mtu. Safari hii nilitumwa mimi, kwa kuwa nilikuwa nimetoka shule na nilikuwa nasoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye debe la mafuta ya taa.

"Sina ugomvi na kijana," baba alisema. "Nina ugomvi na mafundisho yao. Nenda kwa wazazi wake Chitete, uwaulize yanapatana wapi na Biblia. Yakipatana, posa ije. Yasipopatana, hata kwa jambo moja, Eliza ataolewa na yule mwalimu wa Nanyala."

Mwalimu wa Nanyala alikuwa mgane wa makamo aliyeombea chakula kwa urefu kiasi kwamba wageni wake walikula ugali baridi maisha yao yote. Baba alimwona mtakatifu, ingawa neno hilo asingelitumia.

Asubuhi ya kuondoka, ukungu ulikuwa umelala juu ya mibuni kama maziwa yaliyomwagika, na matone yalikuwa yakidondoka jani kwa jani. Eliza alinifuata hadi mwisho wa shamba. Alikuwa na punje nyekundu za kahawa mkononi, akizigeuzageuza.

"Kaka," alisema, "usiwashinde sana."

Barabara kuu ya kwenda Tunduma siku hizo ilikuwa vumbi jekundu na makorongo, na lori lililonichukua lilikuwa limebeba maharage. Nilikaa juu ya magunia na Biblia ya baba kifuani, nimejifunika blanketi, upepo wa kipupwe ukinichonga masikio. Njiani nilijisomea hoja zangu nne kwa sauti: kumwita padre baba, kuungama dhambi kwa mtu, kuwaombea wafu, kumwomba Maria. Abiria mwenzangu, mama mmoja mwenye kuku wawili, alisikiliza mpaka akachoka.

"Mwanangu," aliniambia, "hao Wakatoliki wamekuchukulia mke?"

Tunduma ilikuwa mtaa mmoja wa maduka ya mabati, na mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini ulipita hapohapo, kwenye majani. Mtu aliweza kununua chumvi kwa Mwingereza huyu akaenda kuila kwa Mwingereza yule. Kasimiri alikuwa kibarazani mwa duka la Mhindi, mguu ukipiga cherehani, anaitikia salamu ya mteja kwa Kibemba, "Mwapoleni mukwai," bila kuinua macho kwenye pindo. Alikuwa kijana mwembamba mwenye rozari shingoni na pini mdomoni. Aliponiona alizitema pini.

"Karibu, shemeji!"

"Bado," nilisema.

"Karibu, bado shemeji."

Nilijitahidi kumchukia. Alinipa kitanda chake, yeye akalala juu ya vitambaa vya wateja.

Kutoka Tunduma kwenda bondeni Kasimiri alinisindikiza kwa baiskeli mbili, yake na moja ya kuazima. Ya kuazima nilipewa mimi mgeni, kwa heshima, maana ilikuwa na kengele. Breki haikuwa nayo. Hilo tulilijua pamoja, pale ardhi ilipokatika ghafla na bonde zima la Momba likafunguka chini yetu, pana, la rangi ya ngozi ya simba, na mto uking'aa kwa mbali. Uzuri ule niliuona kwa muda mfupi sana. Baiskeli ilishika mteremko. Mawe yakaanza kuruka, kengele ikawa inalia yenyewe, nami nikapiga kelele "Mama! Mama!" mpaka nilipoingia kwenye kichaka cha miiba.

Kasimiri alinikuta nimeketi, nimeikumbatia Biblia.

"Pole, shemeji. Lakini naomba kuuliza. Ulikuwa unamwita mama yupi?"

"Mama yangu! Mama Eliza!"

"Yule wa Ihanda?"

"Ndiyo."

"Angekusaidiaje, naye yuko mbali hivyo?"

Nilitoa miiba. Chini ya mteremko yeye aligeuza baiskeli akarudi kwenye kazi yake, kwa kuwa si adabu kijana kuwapo anapozungumziwa.

Chitete niliingia jioni ya Ijumaa, na joto la bondeni lilinipokea kama mtu aliyefungua mlango wa tanuri. Mtama ulikuwa umevunwa, ng'ombe wakila mabua. Mzee Fulgensi, baba yake Kasimiri, alikuwa katekista: padre alifika kwa pikipiki mara chache kwa mwaka, na siku nyingine zote Ukatoliki wa pale ulikuwa mikononi mwa mzee huyu mfupi mwenye koti lisilo na vifungo. Mkewe, Mama Kasimiri, alinimwagia maji miguuni, kisha akanionyesha jogoo mnene anayetembea uani.

"Huyu ni wako, mwanangu."

Nilimeza mate. Chakula kilipokuja, kilikuwa ugali wa mtama na mlenda. Jogoo alikuwa bado anatembea.

"Leo Ijumaa," alieleza Mzee Fulgensi. "Hatuli nyama. Kesho atachinjwa."

Katika maisha yangu sijawahi kumpenda Mtume Paulo kama jioni ile. Nilifungua Biblia kabla hata ya kunawa, nikawasomea pale anaposema mtu asituhukumu kwa habari ya chakula. Nilisoma kwa hisia. Mzee alisikiliza kwa heshima, akatikisa kichwa.

"Maneno mazuri. Kwa hiyo na wewe usituhukumu kwa mlenda."

Asubuhi tulikaa chini ya ukuta wa kanisa lao la nyasi, mzee, mkewe na mimi, na hoja zikaanza.

Nilianza na lile la kumwita padre baba, kwa kuwa Yesu alikataza kumwita mtu yeyote duniani kwa jina hilo.

"Nani kakutuma kuja huku?" aliuliza mzee.

"Baba."

Mama Kasimiri alicheka. Nikasema hilo tuliache.

La kuungama lilichukua muda zaidi. Mzee alinionyesha pale Yesu anapowapulizia mitume na kuwapa kusamehe dhambi, na pale Yakobo anapotaka watu waungamiane. Nilisema Yakobo hakutaja padre wala kijichumba. "Nanyi kwenu mnafanyaje?" akauliza. Nikamweleza: kwetu mwenye kosa husimama mbele ya kanisa zima, akalitaja, kisha hukaa benchi la nyuma mpaka wazee waridhike. Kuna mama alikaa huko mwaka mzima kwa kunywa pombe kwenye msiba wa kaka yake.

"Mbele ya watu wote?" Mama Kasimiri alishika shavu. "Hata watoto?"

"Hata watoto."

"Heri padre. Yeye angalau ni mzee, hasikii vizuri."

Kwenye wafu ndipo tulipokwama. Nilisema hakuna mahali Biblia inaposema tuwaombee waliokufa, wala mahali panapoitwa toharani. Mzee alisema pako, katika kitabu cha Wamakabayo. Nilipekua Biblia ya baba kutoka mbele hadi nyuma.

"Hakimo."

"Kwenu mmekitoa."

"Kwenu mmekiongeza."

Tulitazamana. Kumbe baba alikuwa amenituma na pishi moja kwenda kupima kwa mtu mwenye pishi nyingine. Tungeweza kubishana pale mpaka mvua za masika, kila mmoja akijaza ya kwake na kumwita mwenzake mwizi.

"Basi tuje kwa Maria," nilisema kwa ukali kidogo, maana nilikuwa nasikia harufu ya jogoo. "Kwa nini mnapitia kwa mtu? Mungu ana masikio. Mtu na aende kwake mwenyewe!"

"Baba yako anaumwa?" aliuliza Mama Kasimiri.

"Hapana."

"Miguu anayo?"

"Anayo."

"Mbona hakuja mwenyewe?"

"Mama, unajua desturi. Baba wa binti haendi kwa wakwe, hutuma..." Nikasikia mwenyewe ninachosema. Nikawa mkali zaidi. "Lakini Mungu si mkwe wetu!"

Mama alifikiri, akakubali kwa kichwa. "Hilo limekaa vizuri. Sina jibu. Lakini mimi nikiwa na haja kubwa naona haya kwenda peke yangu, basi."

Mzee Fulgensi hakucheka. Alikuwa anafuta vumbi kwenye koti lake mahali ambapo vifungo vilikuwa.

"Mwanangu, nikuambie. Haya mafundisho nilifundishwa kwa swali na jibu. Nikitoka nje ya majibu hayo, natembea gizani kama wewe. Ninachojua ni hiki: Kasimiri akifunga ndoa kwenye kanisa lenu, mimi nitanyang'anywa ukatekista, na komunyo sitapewa. Na asipomwoa huyo binti, sijui atakuwa mtu gani. Kwa hiyo mwambie baba yako kweli tupu. Usitupambe. Sitaki mkwe aliyepatikana kwa uongo."

Jogoo alikuwa mtamu. Nilimla kwa huzuni, bila kuacha kitu.

Kurudi nilitembea kwa miguu mpaka Tunduma, nikiikokota baiskeli, kisha nikapata lori. Njia nzima nilimtafutia Eliza uongo mzuri, na kila nilioupata ulipambwa mno.

Ihanda nilifika wakati wa uji. Baba alikuwa kitini pake, mama akipuliza moto, Eliza akiosha sufuria kwa mchanga mlangoni. Nilisimulia yote. Lile la padre si kitu, nilisema. La kuungama lina maneno ya Biblia pande zote mbili. La Maria linabishaniwa. La wafu, katika Biblia yetu sikulikuta.

"Basi," alisema baba. "Jambo moja lilitosha. Kesho nitatuma mtu Nanyala."

Sufuria ilitua chini. Eliza alikuja akapiga magoti katikati ya nyumba, mikono yake bado ina mchanga.

"Baba."

Mama aliacha kupuliza.

"Mwambie kaka yako," alisema baba bila kumtazama.

"Kaka ametoka mbali, amechoka."

"Mwambie shangazi yako."

"Baba, kila Jumapili unasimama mbele ya kanisa ukituambia mwenye haja aende kwa Baba mwenyewe, asipitie kwa mtu. Mimi nina haja." Alijifuta mchanga kwenye kanga. "Namtaka Kasimiri. Simtaki mwalimu. Ukikataa, nikatalie mimi, si kaka."

Nilidhani dari itatuangukia. Hakuna binti wa Ihanda aliyewahi kusema hivyo mbele ya baba yake.

"Nani kakufundisha maneno haya?"

"Wewe, baba."

Baba alikiweka chini kikombe cha uji. Alikuwa mtu mgumu, lakini hakuwa mwongo. Hakuweza kuhubiri jambo mbele ya watu kisha akalikana jikoni kwake. Nje ndege wa asubuhi walikuwa wakigombana kwenye mibuni.

"Atafungishwa wapi ndoa?" aliuliza hatimaye.

"Kwao. Baba yake asipoteze kazi."

"Mimi sitaingia mle."

"Utasimama dirishani, baba. Kanisa lao la nyasi, utaona."

Nilikuwa nimekwenda hadi Chitete kutafuta kama mafundisho ya Wakatoliki yanapatana na Biblia. Mpaka leo nasema la wafu silioni, na Mzee Fulgensi mpaka leo anasema nitaliona nikishakufa. Lakini siku ile niliona jambo ambalo sikulitafuta: fundisho la kwetu likisimama juu ya magoti mawili na kutaka litimizwe, na mwenye kulifundisha akilitazama kwa hofu.

"Mtumieni habari huyo fundi," baba alisema. "Aje. Asilete mshenga."

Kasimiri alikuja wiki hiyohiyo, amevaa suruali aliyoishona mwenyewe. Alisimama uani peke yake, mdomo wazi, hana mtu wa kumsemea mbele wala nyuma. Baba alimwangalia hivyo kwa muda, akasogeza kigoda kwa mguu.

"Kaa," alisema. "Sema mwenyewe. Nakusikia."