Honorata Yuko Njiani

Huku Songea mtu hafi kwa simu. Kwa simu mtu huumwa tu, na ukiulizwa kama una nauli, basi ujue huyo anayeumwa ameshaoshwa na kuvishwa. Utapandishwa basi moyo wako ukiwa bado mzima, na kilio utakikuta chini ya turubai, penye watu wa kukushika. Ndiyo adabu yetu. Honorata alilelewa nayo kwao Hanga, na mjini hapa hakuna aliyeijua vizuri kuliko yeye.

Adabu hiyohiyo aliingia nayo kwenye kazi ya ukalimani. Palikuwa na kijishirika kutoka Norwei, kidogo kiasi kwamba ofisi yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga Bombambili. Watumishi wake walikuwa nesi mmoja mzungu aliyeitwa Mama Grete, dereva, na Honorata. Kazi yao ilikuwa kuwazungukia wagonjwa ambao hospitali ilishawarudisha nyumbani, kuwapelekea dawa ya maumivu na kukaa nao. Mama Grete alisema kwa Kiingereza, Honorata akageuza.

Watu walimpenda Mama Grete. Walisema mzungu huyu ana maneno matamu kama mtu wa kwetu, na hawakukosea, maana utamu wote ulikuwa wa Honorata. Nesi akisema, "Ugonjwa huu hautapona," Honorata alisema, "Anasema tusichoke kumwomba Mungu." Nesi wa watu alishangaa kuona habari mbaya zinapokelewa kwa tabasamu, akawasimulia wenzake kwao kwamba Wangoni wana moyo wa ajabu.

Ndipo ikaja siku ya Walburga. Huyu alikuwa mkulima wa kijiji kimoja huko Madaba, mjane, na mwanawe aliyeitwa Leo alikuwa na uvimbe tumboni. Waliketi kwenye mkeka nje ya jiko, Leo akimenya karanga pamoja na bibi yake hatua chache pembeni. Mama Grete aliweka mkono juu ya goti la Walburga akasema taratibu kwamba mtoto hana muda mrefu. Asihangaishwe tena na safari. Abaki na watu wake, ale anachokipenda, na dawa ya kumtuliza italetwa. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Anasemaje, dada?" Walburga aliuliza.

Honorata alimtazama usoni, akashindwa. "Anasema usikate tamaa. Dawa zipo."

Walburga hakuuliza zipo wapi. Aliondoka kwenda kuzitafuta. Alikuwa amesikia habari za mganga mmoja Tunduru anayesifika kwa matumbo, basi akamfunga Leo mgongoni, mtoto akilia kwamba anataka kubaki kwa bibi. Walipopita Namtumbo Leo alikata roho ndani ya basi, kichwa kikiwa kwenye bega la mama yake. Walburga hakulia. Aliogopa kondakta angewashusha porini. Alimfunika kwa kanga, na abiria wa pembeni aliposema mtoto amelala vizuri, alimjibu, "Ndiyo, alichoka." Alimpakata hivyo mpaka Tunduru.

Haya aliyasimulia mwenyewe msibani, Honorata alipopiga magoti mbele yake kumpa pole. Aliyasimulia bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Honorata kupita matusi yote. Kisha akauliza, "Yule mzungu alikuwa na machozi siku ile. Niliyaona. Alisema nini hasa?"

Kwa mara ya kwanza Honorata aligeuza neno kwa neno. Walburga alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia," alisema, "angefia kwa bibi yake."

Wakirudi mjini Honorata alimwomba dereva asimamishe gari, akamweleza Mama Grete kila kitu. Mama Grete aliuliza kama wagonjwa wote walitafsiriwa hivyo. Honorata akajibu kwamba karibu wote. Yule mama alishuka, akaketi kwenye majani kando ya barabara ya Njombe na kulia kama mtu aliyefiwa. Honorata aliyekuwa akingoja kufukuzwa kazi alisikia kitu kingine. "Na mimi miaka yote hii sikujifunza lugha yenu."

Kuanzia hapo Honorata alibadilika, na kubadilika kwenyewe hakukuwa kwa raha. Alikuwa akikaa karibu na mgonjwa na kumuuliza kwanza, "Unataka kujua, au unataka ndugu yako ndiye ajue?" Aliyetaka kujua aliambiwa. Kwenye nyumba moja mtaa wa Lizaboni alifukuzwa kwa ufagio. Mitaani wakambatiza jina la Mama Jeneza, na wapo waliovuka barabara wasije wakaulizwa hali na yeye. Kanisani benchi lake lilikuwa na nafasi ya kutosha. Alirudi nyumbani akilia, kesho yake akaenda tena, kwa sababu kila alipotamani kulainisha maneno alimwona mtoto amefunikwa kanga ndani ya basi.

Aliyeanza kuwageuza watu alikuwa Mzee Alfani, fundi baiskeli wa Mfaranyaki. Alipoambiwa ukweli aliagiza aitwe mdogo wake wa Tunduru ambaye walikuwa wamenuniana tangu ujana wao. Mdogo mtu akaja, wakaombana radhi, na Alfani alifariki ndugu yake akimsomea Yasini. Mtaa mzima uliona. Baada ya hapo watu wenyewe wakawa wanabisha hodi kwa Honorata: njoo utuambie, tujipange. Akina mama waliokuwa wakizungushwa kwa waganga wakakaa nyumbani kwao, wakawaaga watoto wao kwa majina. Jina la Mama Jeneza lilibaki, ila sasa lilitamkwa kwa heshima.

Kile kijishirika kilikufa polepole. Kule Norwei kilikuwa cha wastaafu wa parokia moja, nao walizeeka, wakaisha. Mama Grete aliondoka na magoti yake mabovu. Honorata aliendelea kwa miguu.

Asubuhi moja alikuwa anaosha vyombo pale simu ilipoita. Alikuwa Mathias, mdogo wake, yuko Hanga.

"Shikamoo dada. Mama anaumwa. Una nauli?"

"Mathias, niambie."

"Anaumwa tu, dada. Wewe njoo."

Alijua. Yeye wa kutojua alikuwa nani? Hata hivyo alipita sokoni akanunua machungwa, kwa sababu mama yake aliyapenda, na njia nzima aliyapakata, akijiambia kwamba pengine safari hii mtu anaumwa kweli. Aliyaona mabenchi kabla ya kuliona turubai.

Walimzika mama yake, Bibi Suzana, kesho yake. Watu walipopungua, Honorata aliketi kwenye mkeka na mama yake mdogo, Brigita, aliyemuuguza marehemu. Ndipo alipofahamu kwamba mama yake alilala kitandani tangu mahindi yakiwa mabichi, na sasa yalikuwa yamevunwa.

"Mathias, kwa nini hamkuniita?"

Mathias aliangalia chini. "Tulikuogopa, dada. Tulijua ungemwambia."

Honorata alisikia uchungu wa kuchukiwa Lizaboni ukiwa mdogo sana kando ya huu. Walburga, aliyekuja kutoka Madaba na unga wake wa rambirambi, alisogea akamshika mkono.

Brigita alijifuta pua kwa ncha ya kanga. "Niseme tu, mwanangu, maana wewe hupendi kufichwa. Mwenyewe alikuulizia kila siku. Alisema, niitieni Honorata wangu, ninyi mnanidanganya, yeye ataniambia."

"Nanyi mkamjibu nini, mama mdogo?"

"Tulimwambia uko njiani."

"Akaamini?"

"Aliamini. Hata mlango alitukataza kuufunga."