Miti ya Mpaka Juu ya Chemchemi

Jirani yangu Mama Monique hajui kukaa bure. Alipokimbia vita Djugu, alifika mtaani kwetu Nyakasanza na jembe begani, bila hata sufuria, na sisi tukamcheka: mtu wa namna gani anaokoa jembe na kuacha chungu? Shamba hakuwa nalo, na hana hadi leo. Amepanga chumba nyuma ya nyumba yangu, chini ya kilima ambacho wanajeshi hufanyia mazoezi.

Kwenye mguu wa kilima hicho kulikuwa na chemchemi, na mtaa mzima tulichota hapo. Lakini wanajeshi walichoma nyasi ili waone shabaha zao, wakachimba mahandaki, na malori yao yakapasua udongo. Kila mvua iliponyesha, tope lilishuka moja kwa moja ndani ya maji yetu. Sisi tulinung'unika, kisha tukachuja kwa kitambaa. Monique alipanda hadi kwa mkuu wa kambi, Komanda Hubert, akaomba apande miti juu ya chemchemi ishike udongo. Tulidhani atarudi na viboko. Alirudi akicheka. Hubert alikubali, akawakataza wakuruta kupita pale, na wengine akawatuma wabebe miche.

Ilikuwa ruhusa ya mdomo tu, lakini nani angethubutu kudai zaidi? Miti ilishika. Mvua zilizofuata maji yalitoka safi, na nakumbuka nilivyofurahi kuona kitako cha ndoo yangu kupitia maji.

Shida ilibaki mbuzi waliotafuna miche. Basi Monique alifanya ambacho mkulima yeyote wa kwao angefanya: aliizungushia miti yake ile mimea ya majani marefu inayopandwa kwenye mipaka ya mashamba. Haifi ovyo, na mtu akiiona hupita pembeni na mifugo yake kwa heshima. Sisi wanawake tulimletea vipande vya kupanda. Hakuna aliyekumbuka kwamba ule ni udongo wa jeshi, na kwamba Ituri hii watu wameuana kwa ajili ya mstari wa mimea hiyohiyo.

Hubert alipelekwa vitani. Aliyekuja badala yake, Komanda Xavier, alikuwa mtoto wa kijiji, na hapo ndipo balaa ilipoanzia. Mgeni wa mbali angeona majani tu. Yeye alimwita Monique.

"Mama, ni weye ulipanda hii mupaka?"

"Ndiyo, chef. Ni juu ya mbuzi."

"Usinidanganye. Miye iko mutoto ya mulimaji. Mutu akipanda hii, anasema udongo ni yake."

"Sitaki udongo, chef. Ninataka maji tu. Nitaing'oa na mikono yangu, uache miti."

"Leo utang'oa, kesho utaleta mashahidi waseme mupaka ilikuwa hapa."

Mwenye nguvu mpishe. Mchana huohuo wakuruta waling'oa mimea na miti pamoja, na palepale wakachimba handaki jipya la mazoezi. Ninamchukia yule mtu, nasema wazi, ingawa najua hata marehemu baba yangu angeusoma mstari ule kama alivyousoma yeye.

Mvua ya kwanza ilifukia chemchemi yote. Nilikusanya wanawake, tukaenda na majembe kufukua. Tulikuwa tumefikia mawe yenye unyevu Monique alipokuja mbio, kitenge kinamfunguka, akanishika mkono.

"Muache! Wakiona tunachimba, watasema tunalima."

"Monique, maji iko karibu."

"Iko karibu, ndiyo. Na wale iko na bunduki na masasi ya kweli."

Juu, ukingoni mwa handaki, wakuruta walisimama wakitutazama. Hakuna aliyetufukuza. Tulirudisha tope kwa miguu yetu wenyewe, tukalisawazisha hadi isionekane kwamba jembe limepita hapo, kisha tukachukua ndoo zetu na kushuka mtoni, kule malori yao yanakooshwa.