Kitabu kilichohamia rafu ya tembo mwenye pembe

Asubuhi hii, baridi bado haijaondoka Hinthada, mji wa kando ya mto huko Myanmar. Daw Khin Htwe ameketi kwenye mkeka mbele ya duka lake la kukodisha vitabu, miguu ameikunja upande mmoja, anashona. Ametoboa mgongo wa kitabu kwa msumari. Anapitisha uzi mnene, anauvuta kwa meno, kisha anachovya kidole kwenye kibakuli cha uji wa mchele uliopikwa mpaka ukawa gundi.

“Kitabu kikinunuliwa kinakuwa cha mtu mmoja,” anasema bila kuinua macho. “Cha kukodisha lazima ukishone upya. Kitalala nyumba nyingi hicho, na si wote wanajua kushika kitu cha mtu.”

Anaingia Ma Phyu Sin, muuguzi wa zahanati ya mtaani, mashavu yamepakwa thanaka, ile poda ya gome la mti.

“Shangazi, leo nipe cha kunichekesha. Zahanati imejaa mafua, nimechoka na makamasi ya watu.”

“Alhamisi wewe. Nenda kwa panya.”

Msichana anajua njia. Katika duka hili vitabu havikupangwa kama vinavyopangwa kwingine. Vimepangwa kwa siku ya kuzaliwa. Herufi ya kwanza ya jina la kitabu, kwa Kiburma, inakipa siku yake, kama siku ya kuzaliwa inavyompa mtu herufi ya jina lake, na kila rafu imechorwa mnyama wa siku hiyo: chui wa Jumatatu, simba wa Jumanne, panya wa Alhamisi. Jumatano ina rafu mbili, maana Jumatano ni siku mbili. Waliozaliwa kabla ya adhuhuri wana tembo mwenye pembe. Waliozaliwa baada yake wana tembo asiye na pembe, na nyota yao watu huiogopa kidogo.

Ma Phyu Sin anapekua kwa panya, hapati cha kumchekesha, anasogea rafu ya jirani. Anachomoa kitabu chembamba chenye jalada la plastiki lililofifia.

“Shangazi, hiki kimekosewa. *Maji ya Kuazima*. Herufi ya maji si ni ya Jumatano jioni? Mbona kiko kwa tembo mwenye pembe?”

“Kiko kwake. Kirudishe.”

“Basi nichukue hiki hiki.”

“Kuna mtu anakisoma.”

“Nani anasoma kitabu kilichoko rafuni?”

“Wewe umekuja kucheka au kunihoji?”

Muuguzi anakirudisha, lakini uso unasema hajaridhika. Ana haki. Kwa miaka yote watu wa mtaa huu waliyomjua Daw Khin Htwe, hakuna aliyepita mlangoni hapa bila kusukumiwa kitabu hicho. Sasa anawanyima.

Duka lilianzishwa na mama yake. Wanyama kwenye rafu aliwachora yeye, kwa rangi iliyobaki baada ya kupaka boti ya kaka yake, ndiyo maana wote ni wa bluu, hata chui. Khin Htwe alisoma mpaka darasa la nne. Masomo mengine yote aliyapatia hapa sakafuni, akiwa na gundi vidoleni.

“Siku zile,” anasema, na sauti yake inalainika, “ukifungua mlango saa moja, unakuta watu. Wasichana wa karakana ya biri walikuwa wanachanga, wanakodi kimoja. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasokota tumbaku. Yule msomaji wenzake wanamfanyia sehemu yake ya kazi. Kitabu kinarudi kinanuka tumbaku mpaka kurasa za ndani.”

Siku hizi watu wana simu. Kitabu anakikodisha kyati mia tatu kwa siku mbili, na kuna wiki anazopata hela ya mchele tu. Halalamiki. Anasema simu nazo zina hadithi, ila hazina mtu wa kukuuliza ulizaliwa siku gani.

*Maji ya Kuazima* alikisoma mara ya kwanza wiki aliyomzika mama yake. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, duka limemwangukia, hataki kula. Alikichukua kwa sababu kilikuwa chembamba.

“Ni hadithi ya wake wawili majirani, Mya na mwenzake, wanaochota maji kisima kimoja,” anaeleza, na hapo uzi anauweka chini. “Kisima cha mmoja kina chumvi, kwa hiyo anachota kwa mwenzake, na kila siku anasema nitakulipa. Mume wa huyo mwenye chumvi anasafiri mtoni na magogo. Basi. Hakuna mfalme, hakuna jini. Lakini pale kwenye sura ya tatu wanapogombana kwa ajili ya ndoo, nilicheka kwa sauti, msiba ndani ya nyumba. Shangazi zangu wakanitazama kama nimerogwa. Nikaenda jikoni nikala wali.”

Tangu hapo akawa anampa kila mtu kitabu hicho. Wengine walikirudisha wakisema hakina mapenzi ya kutosha. Wengine waliandika pembeni kwa penseli, na hajafuta hata neno moja. Kuna ukurasa pameandikwa: “Usisome hapa ukiwa na njaa.” Kuna pengine: “Ndoo ilikuwa ya Mya. Anayebisha aje kwangu, nyuma ya kinu cha mpunga.” Mwisho wake hamwambii mtu. Hiyo ndiyo sheria yake pekee.

Mtu mmoja tu alikataa kukisoma, naye ndiye aliyekuwa karibu kuliko wote.

Mbele ya duka, upande wa pili wa njia, pana doa jeusi la mafuta ardhini. Hapo ndipo Daw Yin Nwe alipokaanga mumunye kwa zaidi ya miaka arobaini, vipande virefu vya kuchovya kwenye ukwaju. Wanawake hawa wawili bado wanaitana Ma, si Daw ya wanawake wazee, kama walivyoitana usichanani, na hakuna siku waliyokaa bila kutaniana.

“Ma Yin, chukua kitabu.”

“Sikitaki.”

“Jina lako la Jumatano jioni, kitabu cha Jumatano jioni. Kimeandikwa kwa ajili yako.”

“Jina langu walikosea. Mimi nilizaliwa asubuhi. Wingu lilikuwa zito, mkunga akadhani adhuhuri imepita. Mimi wa tembo mwenye pembe.”

“Nani shahidi?”

“Mama yangu.”

“Mama yako amekufa.”

“Basi kamuulize.”

Majirani walikuwa wanangoja maneno hayo kama watu wanavyongoja wimbo waujuao. Daw Yin Nwe alisoma vitabu vingine vya dukani karibu vyote, vya mapenzi, vya mashetani, hata vya ufugaji wa bata. Hicho kimoja, hapana.

Mwaka jana mvua zilipoanza, macho yake yakaingia ukungu. Aliweka chumvi kwenye chai, akamrudishia mteja noti kubwa mahali pa ndogo. Binti yake, Ma Su Hlaing, anayeishi Taunggyi milimani, akapiga simu: sikukuu ya taa ikiisha, anakuja kumchukua mama, akatazamwe macho, akae naye.

“Akae mpaka lini?” Daw Khin Htwe aliuliza.

“Akae,” Su Hlaing alijibu.

Siku hiyo Daw Khin Htwe alikitoa kitabu rafuni, akavuka njia, akakiweka kwenye meza ya mumunye, katikati ya unga.

“Unaondoka. Kichukue.”

“Kwa macho haya?”

“Basi nitakusomea.”

“Nimeshakwambia, mimi wa asubuhi.”

“Miaka arobaini unaniletea asubuhi yako!” Walioshuhudia wanasema hawajapata kumsikia akipaza sauti namna ile. “Mtu nimempa kitu kizuri kuliko vyote nilivyo navyo, ananiambia habari za wingu!”

Mafuta yalikuwa yanachemka. Daw Yin Nwe akaliepua karai motoni, akajifuta mikono kwenye longyi, kitambaa alichojifunga kiunoni.

“Nilikianza,” akasema.

“Lini?”

“Ulipokileta mara ya kwanza. Pe Tint alikuwa mtoni na magogo.” U Pe Tint alikuwa mumewe. “Nikafika pale yule mume anaondoka, mkewe anamshikia taa gatini. Nikaogopa kufunua ukurasa. Nikasema, nikimaliza, na huyu wa humu asiporudi, na wangu je? Nikakirudisha. Pe Tint akarudi salama. Basi kila alipokuwa safarini, nikawa najua kwa nini anarudi. Ni kwa sababu sijamaliza.”

“Na asubuhi?”

“Asubuhi nimezaliwa kweli. Hilo sijadanganya.”

Daw Khin Htwe akavuta kigoda, akaketi. U Pe Tint alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, uzeeni, kitandani kwake, wanawake hawa wote wawili wakiwa wamemshika mikono.

“Sasa hana safari tena,” Daw Yin Nwe akasema. “Haya, soma.”

Wakaanza alasiri ile ile. Kila siku, wateja wakipungua, jiko lilizimwa ili mafuta yasipige kelele, na Daw Khin Htwe akasoma akiwa ameketi kwenye kigoda kando ya meza ya unga. Mwanzoni walikuwa wawili. Kisha akaja muuza kuku na tenga lake, kisha Ma Phyu Sin akitoka zamu, kisha wanawake wawili wazee ambao zamani walisokota biri. Hao walikuja na majani ya chai yaliyochachushwa, na karanga, wakala kwa zamu bila kuacha kusikiliza.

Daw Yin Nwe hakuwa msikilizaji mtulivu.

“Ndoo ni ya Mya!” alipiga kelele kwenye sura ya tatu.

“Ndoo si ya Mya, soma vizuri.”

“Sioni, nitasomaje vizuri? Ya Mya!”

Walipofika gatini, penye taa, Daw Khin Htwe alisimama kidogo amtazame mwenzake. Daw Yin Nwe alikuwa amefumba macho. Akasema tu, “Endelea, Ma Khin. Nashika taa.”

Sikukuu ya taa ikaja. Vijana wakapita nyumba kwa nyumba kuwasujudia wazee, mishumaa ikawekwa madirishani, na Daw Yin Nwe akasema anaiona, ila kila mshumaa una wenzake wanne. Su Hlaing akafika. Mizigo ikafungwa. Ilibaki sura moja, na ilibaki alasiri moja.

Siku hiyo njia ilijaa. Hata mwenye kinu alikuja, yule aliyeandika habari za ndoo. Daw Khin Htwe akafungua pale alipoweka uzi mwekundu. Akatazama ukurasa. Akafunga kitabu.

“Leo basi,” akasema.

“Basi nini?” mwenye kinu akauliza. “Hujasoma hata neno!”

“Shangazi, tafadhali, nimebadilishana zamu kwa ajili ya hii,” Ma Phyu Sin akalia.

“We mama, mimi kesho naondoka!” Daw Yin Nwe akasema.

“Najua unaondoka.”

“Miaka arobaini unanisumbua nisome. Leo nimekaa, nimetega masikio, unafunga?”

“Pe Tint alirudi,” Daw Khin Htwe akamjibu. “Au hakurudi?”

Daw Yin Nwe alikaa na uso wake umeelekea kwenye sauti ile. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akajipiga paja, na unga ukaruka.

“Mjanja wewe,” akasema. “Mjanja wa Jumatatu, kama jina lako.”

Kesho yake asubuhi gari likaondoka. Daw Khin Htwe hakusindikiza mbali. Alirudi dukani, akasimama mbele ya rafu, akakitoa *Maji ya Kuazima* kwa tembo asiye na pembe, akakipeleka kwa tembo mwenye pembe. Katika duka zima ndicho kitabu pekee kilichoko rafu isiyo ya herufi yake.

Ma Phyu Sin sasa ameridhika na kitabu cha mganga aliyejitibu mwenyewe akakosea dawa. Analipa, anavaa kandambili zake. Kabla hajatoka, simu ya Daw Khin Htwe inalia juu ya mkeka. Anaipokea na kuiweka mbali na sikio, maana anayepiga ana sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mafuta yanayochemka.

“Ma Khin! Jicho la pili nalo wamelifungua bandeji! Nasoma vibao vya barabarani. Nasoma bei za viazi. Kuna kibao hapa kimekosewa herufi.”

“Vizuri. Basi ukija utaisoma mwenyewe hiyo sura.”

“Nani kasema? Utanisomea wewe.”

“Unakuja lini?”

“Sikukuu ya maji, ya mwaka mpya. Su Hlaing amekubali niwe huko Hinthada miezi ya joto, huku milimani nirudi wakati wa mvua. Niwekee nafasi ya jiko, asije mtu akaweka karai lake.”

“Hakuna anayeitaka. Ina doa.”

“Na kitabu? Umempa mtu?”

Daw Khin Htwe anageuka kuitazama rafu. Muuguzi bado yuko mlangoni, anajifanya anafunga kifungo.

“Kuna mtu anakisoma,” anasema. “Mtu mmoja hivi, wa Jumatano asubuhi.”