Kemshafti ya Pili

Gelasius Mageni alikuwa fundi wa magari Nyahanga, pale Kahama, na kwa miaka kumi na minne hakuna lori la pamba lililomshinda. Alipenda watu walijue hilo.

Mwezi wa saba wa mwaka 1984 aliletewa gari dogo la Kiitaliano, mali ya zahanati ya parokia moja kule Bukombe. Dereva alikuwa Clemens, mtu mpole wa makamo. Pembeni yake alikaa Sista Epifania, mkuu wa zahanati, amepakata mkanda mpya wa mpira wenye meno. Ulitumwa kutoka Ulaya, maana ule wa zamani ulikuwa umeanza kupasuka.

"Tumsifu Yesu Kristu, Sista."

"Milele na milele, amina. Fundi, injini za namna hii umewahi kuzifungua? Kama bado, sema tu. Tutalivuta mpaka Shinyanga kwa mzee Marselino."

Magari aliyoyazoea Gelasius yalikuwa ya mnyororo na gia za chuma. Mkanda wa mpira ndani ya injini hakuwahi kuugusa. Lakini wateja wawili walikuwa wamesimama nyuma yake wakisikiliza, na lile jina la Marselino lilimchoma. Mzee yule ndiye aliyemfundisha kazi, wakaachana kwa maneno.

"Injini ni injini tu, Sista," alisema.

Juu ya injini ile kulikuwa na kemshafti mbili, zile fito za chuma zenye vinundu vinavyozisukuma valvu, vilango vya petroli na moshi, zifunguke. Mkanda ndio uliozifunga pamoja na krenki, mhimili wa chini unaosukuma pistoni, ili valvu zishuke pistoni zikiwa mbali. Kila puli, gurudumu la kushika mkanda, ilikuwa na alama yake, na alama zote sharti zikae mahali pake kabla mkanda haujavishwa.

Alipoutoa mkanda wa zamani, kemshafti ya kwanza ilitulia. Ya pili iliruka, imesukumwa na springi za valvu. Gelasius alishtuka. Alama ya puli ilifunikwa na grisi nyeusi, naye hakuifuta. Aliirudisha kemshafti kwa spana, akaikadiria kwa jicho, akavisha mkanda mpya na kuukaza. Ikabaki kuizungusha injini kwa mkono, polepole, mizunguko miwili, aone kama kuna kinachogusana. Hata kwenye malori alifanya hivyo. Ila Sista alikuwa sokoni, angerudi wakati wowote, na Gelasius alitaka akute gari linanguruma.

Akapiga stata.

Injini ilitoa mlio mmoja mkavu, kama jembe likikutana na jiwe. Kisha stata ikazunguka kwa wepesi, haibanwi na kitu. Wepesi ule ndio uliomtoa jasho. Valvu zilikuwa zimegonga pistoni na kupinda.

Clemens alirudi kutoka kula, anajifuta mdomo. "Vipi, fundi, limekubali?"

"Petroli hii uliijaza wapi?"

Swali lilimtoka kabla hajalipima. Siku zile petroli ilipatikana kwa kibali, na madereva walisemwa kwamba huiuza, wakaongezea tangi mafuta ya taa. Sista alipofika, Gelasius alikuwa ameshaianza njia ile na hakujua pa kugeukia.

"Mkanda nimeufunga sawasawa, Sista. Lakini petroli inanuka mafuta ya taa. Injini imeharibikia ndani."

Clemens alicheka, akidhani ni utani. Akamtazama Sista. Sista hakucheka.

Juma lililofuata kamati ya parokia ilimwachisha Clemens kazi. Gari lilibaki kwa Gelasius chini ya turubai, na wajawazito wa Bukombe wakawa wanapelekwa zahanati kwa baiskeli. Jumapili moja, akiwa peke yake, alifungua hedi, kile kichwa cha injini. Valvu nne za kemshafti ya pili zilikuwa zimepinda, na juu ya kila pistoni kulikuwa na kovu la mviringo, kama ukucha uliobonyezwa kwenye ugali. Akafunika turubai upesi, kama mtu aliyechungulia maiti.

Mkewe, Paskalina, alikwenda Bukombe kumwona dada yake. Aliporudi alisema, "Baba Serafina, nimemkuta mke wa Clemens anauza mihogo barabarani. Mumewe amekwenda kuchimba dhahabu Rwamgasa. Watoto wa shule wanamwita mwanawe Mafuta ya Taa. Hivi yule bwana aliiba kweli?"

"Mimi nitajuaje?" alijibu Gelasius, akainamia chakula. Kumdanganya Sista kulikuwa kumemponyoka. Hili la mkewe alikuwa amelichagua.

Siku ya tatu alipanda lori la Geita. Alimkuta Clemens Rwamgasa, kando ya shimo, anaponda mawe kwa mkono mmoja. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa. Jiwe lilikuwa limemwangukia, likamvunjavunja vidole viwili.

"Mwangaluka, Clemens."

Clemens aliitikia salamu ile ya asubuhi bila kuinua macho.

Gelasius alisema yote amesimama: alama asiyoifuta, stata, petroli. Alitamani apigwe. Clemens aliweka nyundo chini taratibu.

"Sista umemwambia?"

"Bado."

"Ukaja kwangu kwanza. Kwa sababu mimi ni rahisi." Akaokota nyundo. "Mimi nilikuwa naujua ukweli wangu, fundi. Nenda kawaambie wasioujua."

Sista Epifania alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumkaripia. Alimtaka aseme maneno yale yale Jumapili, nje ya kanisa, baada ya misa. Akayasema, kofia mkononi. Generosa, mke wa Clemens, alikuwa mstari wa mbele na mwanawe. Gelasius alipomaliza, yule mama alimshika mtoto mkono wakaenda zao.

Kisha Gelasius alilivuta gari mpaka Shinyanga. Mzee Marselino alikagua valvu, akauliza swali moja tu: "Uliizungusha kwa mkono?"

"Hapana, mzee."

"Haya, lete kitambaa." Akamsimamisha pale, mtu mzima mwenye mvi, afute puli zote mpaka alama zing'ae. Valvu mpya zilipopatikana, alimfungisha mkanda mara tatu na kumfungulisha, na kila mara Gelasius aliizungusha krenki mizunguko miwili, anasikiliza.

Clemens alirudishiwa usukani kabla ya Krismasi. Vile vidole viwili havikunyooka tena, akawa anasukuma gia kwa kiganja. Gari likihitaji matengenezo alilipeleka Nyahanga kama Sista alivyoagiza, akasimama karibu na boneti mwanzo hadi mwisho, hakai, hanywi hata maji. Gelasius hakumwomba akae. Alimsalimu, akaitikiwa, na siku zote alikuwa mwepesi kuondoa macho kwenye ule mkono.