Mkulo wa Chemchemi

Mwezi uliopita nilikwenda kwa fundi seremala hapa Pangani kuagiza kabati la vyombo. Nilimkuta akipiga randa ubao mkuukuu uliotoka kwenye nyumba iliyobomolewa karibu na kivuko. Kila randa ilipopita harufu ilipanda, kali na tamu, mithili ya kafuri.

"Mkulo huu, mama," akasema. "Mti wa Usambara. Siku hizi huupati hata kwa dawa."

Nikaaga nikatoka, kabati sikuagiza. Keti nikueleze kwa nini, maana sijapata kumweleza mtu habari hii yote.

Mama yangu ni mtu wa hapa pwani. Baba alikuwa Msambaa. Kila shule zilipofungwa nilipelekwa milimani, mbele ya Lushoto, kwa bibi mzaa baba. Asubuhi ukungu uliingia mpaka jikoni ukachanganyika na moshi, nasi tukala viazi vya kuchoma na maziwa ya mgando, miguu tumeielekeza motoni. Mchana tulipalilia maharage kwenye mteremko mkali, na bibi aliimba nyimbo za kwaya ya kanisani kwake huku jembe likigonga mawe. Nilipenda kila kitu kule. Lakini nikirudi Pangani sikuthubutu kusema. Watoto wa mtaani kwetu walimwita kila mtu wa mlimani mshamba, nami nikajifunza kucheka pamoja nao.

Nyuma ya nyumba ya bibi kulikuwa na kipande cha msitu, na katikati yake chemchemi. Juu ya chemchemi ulisimama mkulo ambao watu wazima watano wakishikana mikono hawakuweza kuuzunguka. Sufuria yenye masizi haikuingia mle, wala kelele, wala shoka. Mvua ikikataa, wazee walikwenda pale kuomba. Bibi, na ulokole wake wote, alivua ndala kabla ya kuchota maji, na kila mtu alifanya hivyo. Alikuwa akiniambia, "Mlima ni chungu, msitu ndio mfuniko. Ukifunuliwa, nyie wa chini ndio mtakaokufa kiu kwanza." Kijito cha pale kilishuka bondeni kikaenda kuungana na Mto Pangani, ila mimi nilidhani ananitania tu.

Jirani yetu alikuwa mrina asali, mwanamume mpole aliyeishi peke yake, hatua chache kutoka kwa mama yake. Mizinga yake aliitundika mle msituni, na kila nilipofika aliniletea sega kwenye jani la mgomba. Yeye ndiye aliyenifundisha majina ya miti.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, bibi alikwenda kumuuguza shangazi kijiji cha pili. Siku hizo walikuja wapasua mbao. Waliuliza mkulo mkubwa uko wapi, na kijiji kizima kikawajibu hakijui. Mmoja wao, mcheshi, alinisikia nikiongea akatambua lafudhi yangu.

"Kumbe wewe mtoto wa mjini!" akasema. "Hawa wa huku wanaogopa miti. Na wewe unaogopa?"

Hakunipa hata pipi. Alinipa hilo neno tu, mtoto wa mjini, nikavimba kichwa. Watu wakiwa mashambani, nikawaongoza mpaka chini ya mti, miguuni nimevaa viatu vyangu vya shule.

Walikuwa na kibali cha serikali, hakuna aliyethubutu kuwazuia; waliuangusha kwa siku mbili. Ulipoanguka vyombo vilitikisika makabatini, na nyuki wakazunguka juu ya kijiji kama wingu, hawana pa kutua.

Wazee waliitisha kikao uwanjani kumtafuta aliyewaonyesha njia. Nani aliyeujua msitu ule kuliko mrina asali? Nani alionekana humo kila siku? Alikana mara moja, kisha akanyamaza. Nilikuwa nimeketi mkekani ubavuni mwa bibi, aliyekwisha kurudi. Nilijiambia nitasema mtu huyu akimaliza kuzungumza, halafu nitasema yule akimaliza, mpaka watu wakasimama na kukung'uta nguo zao. Alikatazwa kukanyaga msitu ule. Mrina asali asiye na msitu atakula nini? Kabla ya juma kwisha alifunga mzigo wake akateremka kwenda kukata mkonge upande wa Korogwe.

Miaka mingi baadaye, bibi akiwa kitandani hawezi kuinuka, nikamwungamia. Alinitazama bila kushangaa.

"Nilijua tangu siku ile, mjukuu wangu. Niliona alama za viatu vidogo pale ambapo mtu havai viatu. Nikachagua damu yangu, nikamtoa mtoto wa mwenzangu." Akageukia ukutani. "Nenda ukamwambie. Mimi nimeshindwa."

Nami sikwenda. Nilizaa, nikalea, nikazika, nikajipa shughuli. Mpaka siku ya harufu ile.

Juma lililofuata nilipanda mlimani kwanza. Palipokuwa na msitu pana kabichi, safi, zimepangwa mistari. Chemchemi ni shimo lenye majani makavu, na wasichana hushuka na ndoo hadi bondeni. Nikauliza mrina asali alihamia wapi hasa, nikaelekezwa.

Nilimkuta kambini kwenye shamba la mkonge, mzee, ameketi mlangoni akichambua mchicha. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba kwa sauti ileile ya upole, asinitambue. Nikajitaja, nikapiga magoti vumbini, nikasema yote kuanzia mwanzo.

Aliendelea kuchambua mchicha muda mrefu.

"Nilidhani labda kweli nyuki wangu ndio waliowaonyesha njia," akasema mwishowe. "Mama yangu alikufa akiamini ni mimi. Hakunipokea tena nyumbani." Akaweka sinia chini. "Kusamehe nimekusamehe, mwanangu. Sina nguvu ya kubeba na hilo. Lakini maneno haya ungeyasema siku ile uwanjani, palipokuwa na watu. Leo nani anayasikia? Wote wamekwisha."

Huwa tunasikitikia miti, na ni haki yetu kuisikitikia, lakini wapo wanaosema mti hupandwa tena. Wazee wale waliokaa uwanjani hakuna atakayenipandia, wala mama yule aliyekufa na uchungu wa mwanawe. Mzee aliingia ndani, akanitolea kikombe cha maji. Yalikuwa ya chumvi kidogo, ya kisima. Nikayanywa yote, naye amesimama ananitazama.